Gari la pili la zamani: Nairobi imekosa fundi, magari bado yapo

Tangu Julai 2025, Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) ilipoanza kutumia orodha mpya ya bei kukokotoa ushuru wa magari yaliyotumika, yamezuka maelezo mepesi kuhusu jambo ambalo mpenzi yeyote wa magari jijini Nairobi amelishuhudia: watu wanayasaka magari ya miaka ya sabini na themanini. Peugeot 504 iliyolala Limuru miaka na mikaka inatangazwa asubuhi, na kufikia adhuhuri imeshapata watu wa kuikagua. Datsun 1200, Volkswagen Beetle, Mercedes W123, Corolla ambayo vijana huiita DX, zote zina wateja. Maelezo yenyewe ni kwamba Mkenya amekimbia ushuru, akarudi kwenye magari ya babu yake. Sikubaliani nayo. Ukiwatazama vizuri wanaonunua, utakuta wengi wana gari lao la kazini na, mbali na hilo, wana la zamani tayari, limefunikwa turubai, halijakamilika. Ghafla wameshikwa na hamu ya jingine. Hamu hiyo haina uhusiano mkubwa na ushuru, na uwekezaji ni kisingizio tu. Inatokana na kukwama kwa gari la kwanza, nalo limekwama kwa sababu mafundi wanaoliweza ni wachache na foleni yao ni ndefu. Anayenunua la pili anairefusha foleni hiyo.

Tuanze na kinachoifanya Nairobi kuwa tofauti na miji mingine yenye ugonjwa huu. Kiwango cha KS 1515 kinazuia kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mtu wa kawaida hawezi kuagiza 504 kutoka Ufaransa wala Datsun kutoka Japani jinsi anavyoagiza Mazda Demio. Magari ya zamani tuliyo nayo ni yale yaliyoingia yakiwa mapya au yaliyounganishwa humu humu, na idadi yake inaweza kwenda upande mmoja pekee. Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka wa 1968, iliunganishwa Kenya kwa miaka mingi. Idadi inayotajwa ni magari 27,000, ikilinganishwa na 425,000 ya Nigeria. Sehemu kubwa ya hayo 27,000 haikuwahi kubembelezwa. Yalibeba abiria kwenda Nakuru, Kisumu na Nyeri, viti vikiwa safu tatu, mizigo ikiwa juu, dereva akishindana na machweo. Lililobaki leo limeshatumika maisha mawili ya gari la kawaida.

Na mapenzi yenyewe hayakutoka kwenye majarida ya Wazungu. Yalitoka kwenye matope. Mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) yalianza mwaka wa 1953, na kwa muda mrefu yalipita mbele ya nyumba za watu, Pasaka baada ya Pasaka. Mwaka wa 1963 na tena 1968 ni magari saba pekee yaliyomaliza, na mara zote mbili Peugeot 404 ya Nick Nowicki ndiyo iliyotangulia. Bert Shankland wa Tanzania alishinda na 404 mwaka wa 1966 na 1967. Joginder Singh alishinda mara tatu, ya kwanza akiwa na Volvo mwaka wa 1965, kisha Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwa Datsun na Nissan. Mtoto aliyesimama kando ya barabara akapigwa vumbi na Datsun 160J mwaka wa 1980 sasa ni mzee mwenye pensheni na kiwanja Kitengela. Hakuna aliyehitaji kumfundisha kupenda gari hilo. Ongeza maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970 na ambayo siku hizi huwaleta watu Ngong Racecourse wakiwa na kofia na glasi, na mashindano ya Safari Classic yaliyoanza 2003, utaona kwamba mvuto huu ulikuwepo kabla ya orodha yoyote ya KRA.

Hata hivyo hoja ya ushuru ina chembe ya ukweli, na ni haki kuipima. Ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka wa 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli; ushuru wa bidhaa na VAT hukokotolewa juu ya thamani ambayo tayari imeongezwa ushuru uliotangulia. Orodha mpya ya bei ilipoongeza thamani inayotozwa, gari lililokuwa ndani ya uwezo wa mwalimu wa sekondari liliruka likaenda kwa meneja wa benki. Lakini je, mwalimu huyo alikimbilia 504? Hapana. Alikimbilia gari lililokwisha kutumika humu nchini, Toyota Fielder au Axio yenye namba ya usajili inayoanza na KCB, ambayo fundi wa mtaani anaitengeneza akiwa amefumba macho na ambayo spea zake zimejaa Kirinyaga Road. Anayetaka kumfikisha mtoto shuleni Buruburu kila alfajiri hanunui gari linalohitaji kuvutwa choki na kuombewa dua asubuhi ya baridi ya Julai. Ushuru umewapandishia bei wenye Fielder. Kwa wenye 504 umewapa tu hadithi nzuri ya kumsimulia mke.

Hadithi ya pili, ya uwekezaji, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa ujasiri zaidi. Huanza na habari kutoka mbali. Mwezi Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé iliuzwa kwa euro milioni 135, na tangu hapo kila mwenye W123 Lang'ata anajiona yuko katika ukoo huo. Magari ya aina hiyo yaliundwa mawili tu. W123 ziliundwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na 504 zaidi ya milioni tatu huko Ulaya. Uhaba wetu wa Nairobi ni wa kweli, ila ni uhaba wa soko dogo lililofungiwa mlango, na mlango huo huo unaozuia magari kuingia ndio unaofanya wanunuzi wako wawe watu wale wale mnaokutana nao kila Jumapili.

Tufanye hesabu ndogo. Mwezi Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Aliyeweka Sh500,000 pale anapokea zaidi ya Sh92,000 kila mwaka huku akiwa amelala. Aliyeweka Sh500,000 hizo kwenye Mercedes ya 1984 anatakiwa gari lipande bei kwa kiasi hicho kila mwaka, na bado hajalipa maegesho, betri, matairi yanayopasuka kwa kukaa, rangi na fundi wa viti. Kampuni za bima kwa kawaida husita kulipatia gari kuukuu bima kamili, hivyo likiungua umebaki na picha. Benki hazikopeshi kwa gari la umri huo, kwa hiyo atakayelinunua kwako lazima awe na pesa taslimu au mkopo wa sacco uliochukuliwa kwa jina la shughuli nyingine. Na bei unazoziona zikitajwa ni bei za kuomba. Bei ya mwisho hubaki baina ya watu wawili waliokutana kwenye kituo cha mafuta. Mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona mmiliki hata mmoja wa gari la zamani anayeweka daftari la gharama zake kwa uaminifu. Pengine kwa sababu nzuri.

Kuna kitu kimoja katika habari za pesa ambacho kweli kinaeleza kwa nini hamu imekuja ghafla. Hati za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024; mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia tisa. Mwenye akiba aliyezoea riba ya bure ameamka na pesa zisizo na kazi, na mikono yake inawasha. Huo si uwekezaji wa magari. Ni upweke wa pesa, na upweke huo ukikutana na tangazo la saa nne usiku, logbuku ipo na injini inazunguka, matokeo yanajulikana.

Sasa kwenye hoja zenye uzito. Ya kwanza ni ya uokoaji: nisipolinunua mimi, litachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Hili ni kweli tupu. Mnunuzi wa vyuma anapima kwa kilo, na 504 kwake ni zaidi ya tani moja ya malighafi ya nondo. Haulizi kama dashibodi haijapasuka wala kama vioo vya taa ni vile vya mwanzo. Serikali iliposimamisha biashara hiyo Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, magari mengi mabovu yalipata likizo ya miezi michache. Marufuku yalipoondolewa Mei, lori zilirudi vijijini. Nimeona uani mwa watu Kiambu na Machakos mahali ambapo gari lilikuwa limesimama miaka yote na sasa kuna mstatili wa nyasi changa tu. Anayeokoa gari kama hilo amefanya jambo jema siku hiyo.

Tatizo ni siku inayofuata. Gari lililookolewa hupelekwa wapi? Mara nyingi hupelekwa uani kwingine, Ruai au Ruiru, likasimama tena. Nairobi ni rafiki wa magari kwa sababu iko juu, takriban mita 1,795, na hewa yake haina chumvi ya Mombasa inayokula mabati kimyakimya. Lakini gari lililosimama halihitaji bahari ili life. Petroli iliyobaki hugeuka kuwa utomvu ndani ya kabureta. Silinda za breki huganda kwa kutu. Mipira ya injini na ya madirisha hukauka ikapasuka, panya huhamia kwenye nyaya, na tairi zilizobeba uzito mahali pamoja hupoteza umbo. Mwenye gari moja hulizungusha kila wikendi hata kama ni hadi dukani kununua maziwa. Mwenye mawili huliendesha lile linalowaka upesi, na lile jingine analiambia litasubiri. Kwa hiyo uokoaji mwingi ni kuahirisha kifo kwa gharama ya mwokoaji.

Hoja ya pili, iliyo nzito kuliko zote, ni ya spea. Spea za kuisha na kubadilishwa bado zinapatikana: viatu vya breki, plagi, fani belti, baadhi ya bushi. Zikikosekana, mafundi wa Kariobangi Light Industries na Kamukunji watakuchongea bushi kwa mashine na kazi yao nyingine ni bora kuliko ya kiwandani. Visivyochongeka ndivyo vinavyomkosesha mtu usingizi: kioo cha mbele, taa, raba za milango, mapambo ya bati la nikeli, dashibodi isiyopasuka. Hivyo mtu mwenye akili timamu anaamua kununua gari zima kwa ajili ya kioo na milango miwili. Ninamwelewa. Hesabu yake binafsi ni sahihi. Ila ukijumlisha hesabu sahihi za watu wengi unapata jambo baya. Katika nchi ambayo magari haya hayaongezeki, kila linaloponywa kwa njia hiyo linaua mwenzake, kisha mabaki ya aliyeuawa hayaingii sokoni. Hukaa uani kwa mmiliki, kwa sababu nani ajuaye lini atahitaji gia boksi. Huyu ana mlango wa kulia anaouhitaji yule, yule ana taa anayoihitaji huyu, na wote wawili hawauzi. Uhaba tunaoulalamikia tumeujenga kwa mikono yetu, tukiwa na nia njema na turubai la bluu.

Na hata mwenye spea zote anafika ukutani ule ule: nani atalifunga? Magari haya yanahitaji ujuzi ambao haufundishwi tena kwa kawaida. Kabureta lililopangwa kiwandani kwa ajili ya usawa wa bahari hupata hewa nyembamba Nairobi, mchanganyiko ukazidi petroli, plagi zikawa nyeusi. Fundi anayejua hubadilisha jeti, na gari likishuka Mombasa analirekebisha tena. Pointi za moto zinawekwa kwa kipimo cha unene wa karatasi. Kisha kuna suala la risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka wa 2006, katika kampeni iliyoongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lililo hapa hapa Gigiri na ambayo ilikamilika duniani Algeria ilipoacha kuiuza mwaka wa 2021. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa afya ya watoto wetu, na simjui mpenzi wa magari anayeulilia. Lakini kuna injini za zamani ambazo viti vya valvu zake vililindwa na risasi hiyo. Bila viti vigumu zaidi, huliwa polepole hadi injini ikose nguvu, na fundi asiyejua atabadilisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika.

Wanaojua wana mvi. Vijana waliowafuata walisomea mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na wana haki, kwa kuwa wateja wao wana Subaru na Toyota, wanalipa siku hiyo hiyo na hawapigi simu usiku kuuliza kuhusu rangi halisi ya mwaka wa 1974. Fundi mmoja wa kabureta ninayemfahamu, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya Kirinyaga Road, mahali ambapo wazee bado wanapaita Grogan, hana mwanafunzi. Sababu anayoitoa ni ya kibiashara kabisa: wateja wake humlipa kwa vipande. Mtu huleta gari, analipa amana, anaahidi kurudi mwisho wa mwezi, na kabla ya mwezi kuisha fundi anasikia amenunua jingine. Amana ya gari la kwanza imekwenda kwenye kununua la pili. Fundi anabaki na injini iliyofunguliwa mezani, haina mwenyewe, na nafasi ya kibanda imeziba. Hawezi kumlipa kijana wa kujifunza kwa ahadi. Ndiyo maana nimesema gari la pili linairefusha foleni. Linachukua pesa ambazo zingemaliza kazi na kuzigeuza kuwa kazi nyingine.

Hapa wapo watakaosema kwamba dawa ni serikali kutambua magari ya zamani. Hoja hii ina nguvu upande mmoja. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali yake na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Uingereza husamehe ushuru wa barabara magari yaliyotimiza miaka 40. Kwetu sheria inaliona gari la 1972 kama gari bovu lililochelewa kufa. Kanuni za ukaguzi zilizopendekezwa mwaka wa 2025, zinazotaka magari ya binafsi yenye zaidi ya miaka minne yakaguliwe, ziliwatia wamiliki hofu, kama vile lilivyowatia pendekezo la kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari katika Mswada wa Fedha wa 2024, kabla ya kuondolewa Juni mwaka huo. Lakini wanaotaka msamaha wa ukaguzi siwaungi mkono. Gari lenye breki za ngoma linaloshuka Mombasa Road katikati ya trela halisamehewi na fizikia kwa sababu ni zuri. Kinachostahili kudaiwa ni mkaguzi anayejua kwamba gari la 1972 halikuzaliwa na mikanda ya nyuma, na daraja la usajili linaloruhusu bima ya siku chache za matumizi kwa mwaka.

Zaidi ya hapo, nguvu ya kudai hayo inatokana na magari yanayotembea. Kundi la wamiliki 50 wanaofika kwenye mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, wakiendesha wana sauti. Kundi la wamiliki 50 wenye magari 120, 15 kati yake yakiwaka, ni kundi la watu wenye yadi. Pia ingekuwa busara wamiliki wajiunge na juhudi za kuwatambua mafundi waliojifunza kazini, ambazo mamlaka ya taifa ya sifa za kielimu, KNQA, inazisimamia. Fundi wa Grogan mwenye cheti anaweza kupokea mwanafunzi kutoka chuo cha ufundi kihalali, na mwanafunzi huyo anaweza kulipwa na watu watano walioamua kutonunua gari la pili mwaka huu. Bei ya 504 moja mbovu inatosha kumweka kijana kibandani kwa miezi mingi.

Sisemi pasinunuliwe kitu. Likitokea gari ambalo limebaki moja au mawili nchini, 404 iliyokimbia Safari na karatasi zake zipo, basi hoja zangu zote za foleni zinapungua uzito. Linunuliwe, na kama hakuna mtu mwenye mfuko huo, wachange. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yanatuonyesha kwamba jiji hili linaweza kutunza chuma kikubwa likitaka, na magari hayajapata mahali pa aina hiyo. Ila gari la namna hiyo halitangazwi saa nne usiku kwa bei ya kukata. Lile linalotangazwa ni 504 nyingine ya kijivu, haina gia boksi, mwenyewe anasafiri, bei inajadilika. Kwa hilo, kabla ya kutuma pesa ya kushikilia, piga simu kwa fundi aliye na injini ya gari lako la kwanza mezani, umuulize anakudai kiasi gani.